Bunduki Kuukuu Inayokwama Haitibiwi kwa Tupa

Bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe, ikishafikisha umri wa miaka sitini au sabini, huanza kukwama kwa namna inayomchanganya mwenyewe. Leo inabana ganda tupu mlangoni. Kesho inatema ganda vizuri lakini haimezi risasi inayofuata. Siku nyingine mtutu unarudi nyuma ukasita, kana kwamba umesahau njia ya kwenda mbele. Dawa inayowajia watu haraka katika miji yetu, Kakamega ikiwemo, ni ya gereji: piga tupa panapokwaruza, ng'oa springi utie kali zaidi, au tafuta risasi zenye nguvu kubwa ili chuma kisukumwe kwa lazima. Ninapinga dawa hiyo yote. Karibu kila ugonjwa wa bunduki ya aina hii hutokana na uchafu, na risasi isiyolingana nayo, au na kipande kilichorudishwa mahali pasipo pake, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoponywa kwa kupunguza chuma. Zaidi ya hayo, serikali inayomchunguza mwenye bunduki kwa makini hadi mwenendo wake inapaswa kuichunguza na bunduki yenyewe.

Kwanza tuelewe kwa nini silaha hizi ziko katika hali ziliyo nayo. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, Wazungu walimiminika hapa kwa mamia, na mgodi wa Rosterman, ambao jina lake bado liko kando ya mji, ulichimbwa hadi mwaka 1952. Juu yetu kidogo, Trans Nzoia na Uasin Gishu, walikuwako walowezi wa mashamba makubwa. Kwa watu wa tabaka hilo, kuwinda kanga, kwale na bata lilikuwa jambo la kawaida la mwisho wa wiki, na bunduki ya marisau ilikuwa chombo cha nyumbani. Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji wa wanyama. Upigaji wa ndege uliendelea kwa vibali kwa miaka mingi baada ya hapo, lakini idadi ya waliokuwa wakiufanya ilipungua, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikafanya uwindaji wa starehe na hata ule wa kitoweo kuwa makosa ya jinai. Hivyo bunduki iliyoundwa ipigwe mamia ya risasi kila msimu ikaingia kabatini. Wanaoimiliki leo kwa cheti halali wanaishika kwa ajili ya ulinzi, kwa mazoezi ya shabaha, au kwa sababu ilikuwa ya mzee wa familia na mrithi akaomba cheti chake mwenyewe. Hapo ndipo penye chanzo cha matatizo mengi: chuma cha aina hii huharibika kwa kukaa kuliko kwa kutumika. Mafuta yaliyopakwa miaka ya nyuma hukauka yakawa utando wa kahawia unaonata, na utando huo unatosha kabisa kuisimamisha mashine ambayo haina kasoro nyingine yoyote.

Chukua mfano wa bunduki iliyoanzisha ukoo huu wote. John Moses Browning, Mmarekani wa Utah, alipata hataza ya bunduki yake ya marisau inayojipakia mwaka 1900. Kampuni ya Winchester ilipokataa masharti yake ya malipo, alikwenda Remington, na mkuu wa kampuni hiyo akafariki Browning akiwa anasubiri kuonana naye. Mwishowe akavuka bahari hadi kiwanda cha FN nchini Ubelgiji, ambako bunduki hiyo, iliyokuja kuitwa Auto-5, ilianza kuundwa. Remington nayo ilikuja kuitengeneza kwa jina lake, Model 11, kuanzia mwaka 1905. Miaka ya sabini kazi ilihamia Japani, na uzalishaji haukukoma hadi mwaka 1998. Bunduki iliyodumu kwa muundo ule ule kwa karibu karne nzima si chombo dhaifu. Ikikwama, jambo la busara ni kudhani kwamba muundo uko sawa na kwamba kuna kitu kilichoongezeka, kilichopungua au kilichohamishwa.

Namna inavyofanya kazi inaeleza kwa nini. Risasi inapolipuka, mtutu na bolti hurudi nyuma pamoja vikiwa vimefungana, umbali unaozidi urefu wa risasi yenyewe. Springi kubwa iliyozunguka bomba la kuwekea risasi, chini ya mtutu, inabanwa. Na springi nyingine ndefu iliyofichwa ndani ya kitako cha mbao inabanwa pia. Vikifika mwisho, bolti inashikwa nyuma huku mtutu ukiachiliwa urudi mbele. Ni wakati huo, mtutu ukiwa unaliacha ganda, ndipo ganda hutemwa. Kisha risasi mpya inainuliwa, bolti inaachiliwa, na springi ya kitakoni inaisukuma mbele hadi ijifunge. Anayeujua mfuatano huu anaweza kusoma ugonjwa kwa dalili. Ganda likibaki ndani, safari ya kwenda nyuma haikutimia. Ganda likitoka lakini bolti ikasita kabla ya kujifunga, mtutu umefanya kazi yake na lawama inahamia nyuma, kwenye springi ya kitakoni na bomba lake, mahali ambapo watu wengi hawapasafishi kamwe kwa kuwa hapaonekani mpaka kitako kifunguliwe. Mtutu wenyewe ukisita kurudi mbele, tazama bomba la chini ya mtutu na springi iliyolizunguka. Hizi ni dalili tatu zenye sehemu tatu tofauti, na tupa haina nafasi katika hata moja.

Kuna kipande kimoja kidogo ambacho nadhani ndicho kinachowakosesha watu wengi usingizi bila sababu. Mbele ya ile springi kubwa hukaa breki ya shaba, pete yenye mkato inayolibana bomba ili mtutu usirudi nyuma kwa kishindo. Pamoja nayo kuna pete ya chuma yenye ukingo ulioinama upande mmoja. Kwa risasi nzito, pete hii huwekwa kati ya springi na breki, ukingo ulioinama ukitazama shaba, ili breki ibane zaidi. Kwa risasi nyepesi huondolewa pale na kuwekwa nyuma kabisa ya springi, ikigusa mwili wa bunduki, mahali ambapo haibani kitu. Basi. Aliyeifungua bunduki kuisafisha akairudisha pete ya chuma upande wa risasi nzito, kisha akapakia risasi nyepesi, atapata bunduki isiyotema ganda, na ataapa kwamba imezeeka. Aliyefanya kinyume chake atapata bunduki inayofanya kazi vizuri mno, inayotema maganda mbali, na siku moja ataona ufa kwenye mbao ya mkono wa mbele kwa sababu chuma kimekuwa kikigongana na chuma bila kizuizi. Kosa la pili halionekani haraka, na kwa hiyo ndilo baya zaidi. Mafuta yakizidi kwenye bomba hilo huleta madhara yale yale, kama mafuta yanavyofanya kwenye breki ya bodaboda: yanaondoa mbano uliokusudiwa. Bomba linataka tone lililopanguswa kwa kitambaa, si kulowa.

Baada ya pete ni risasi, na hapa pana hatari ya kweli. Bunduki nyingi za marisau zilizotengenezwa Ulaya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zilichongwa chemba ya milimita 65. Risasi za siku hizi za kawaida ni za milimita 70, na urefu huo hupimwa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kupigwa. Kabla ya kupigwa, mdomo wake ukiwa umekunjwa, risasi ya 70 inaingia kwenye chemba ya 65 bila kulalamika. Inapolipuka, mdomo unafunguka ndani ya sehemu nyembamba ya mtutu, shinikizo linapanda, na ganda linabanwa. Mwenyewe anaona bunduki imekwama. Kumbe imekuwa ikionya. Ndiyo sababu nasema mtu asiyejua urefu wa chemba yake hana haki ya kulaumu springi. Kipimo hicho mara nyingi kimegongwa ubavuni mwa mtutu, na pasipo na alama, kinapimwa na fundi mwenye kifaa chake, si kwa kujaribu risasi. Na wanaoshauri kwamba bunduki inayojipakia kwa shida ilishwe risasi kali zaidi wanamshauri mtu apandishe shinikizo ndani ya chuma cha zamani ili kuushinda uchafu ambao ungeondoka kwa kitambaa na mafuta ya taa.

Bunduki za kizazi cha baadaye, zinazotumia gesi, zina maradhi yao. Remington 1100, iliyotoka mwaka 1963, ina vitundu kwenye mtutu vinavyopitisha sehemu ya gesi ya baruti isukume pistoni. Masizi yakiziba vitundu, nguvu inapungua. Pete ya mpira inayozuia gesi isivuje ikikauka na kupasuka, bunduki inarudi nusu safari. Kipande hicho ni cha bei ndogo kuliko chakula cha mchana, na kimewahi kuwafanya watu waamini kwamba bunduki nzima imekwisha.

Hali ya hewa ya kwetu inazidisha yote haya. Kakamega hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na msitu ulio mashariki mwa mji hauruhusu hewa kukauka. Bunduki iliyofungiwa ndani ya mkoba wa ngozi au kufunikwa kwa blanketi kabatini inalala na unyevu wake. Kutu huanza mahali pasipoonekana: ndani ya bomba la kitakoni, chini ya springi ya mtutu, kwenye kucha ndogo za bolti zinazoshika ukingo wa ganda, na ndani ya chemba yenyewe, ambako vipele vya kutu hulishika ganda la plastiki linapotanuka na kulikatalia kutoka. Risasi za zamani zenye ganda la karatasi nazo hufura kwa unyevu. Fundi wa Garissa au Lodwar angepaswa kufikiria vumbi kwanza. Wa Kakamega aanze na kutu.

Yapo mambo ya usalama ambayo yanatangulia utafiti wote, na nayaweka hapa kwa kuwa yanapuuzwa zaidi pale bunduki inapokwama kuliko inapofanya kazi. Bunduki inayokataa kumeza risasi si tupu. Risasi inaweza kuwa imelala kwenye kile kijiko cha kuinulia au bado imo ndani ya bomba, na kugonga kitako chini ili kuilegeza ndiyo njia ya kuipeleka chembani bila kukusudia. Ikiwa risasi imekataa kulia, mdomo wa mtutu ubaki umeelekezwa mahali salama kwa muda kabla ya kufunguliwa, kwa sababu baruti yenye unyevu inaweza kuchelewa. Na kama mlipuko ulikuwa mdogo, wenye sauti hafifu, usiishie kusema kwamba bunduki haikujipakia kwa sababu ya risasi dhaifu: toa kila kitu, kisha tazama ndani ya mtutu. Risasi dhaifu inaweza kuacha kizibo chake katikati ya njia, na risasi itakayofuata itaupasua mtutu. Majaribio ya kupakia na kutema hufanywa kwa risasi bandia zisizo na baruti, ambazo zinapatikana kwa ajili hiyo hasa.

Nitapingwa kwanza na wale wanaojivunia mafundi wetu wa jua kali, na sina budi kuwajibu kwa heshima, maana ni kweli kwamba hapa kuna mikono inayoweza kuchonga karibu chochote. Watu wanaofufua injini za mashine za kusaga mahindi zilizozaliwa kabla yao, na vijana wanaohitimu chuo cha ufundi cha Sigalagala wakijua kutumia mashine za kukereza vyuma, hawakosi ustadi. Lakini ustadi wa kukereza ni jambo moja, na kujua ugumu wa chuma kile, mbano wa springi ile, na sehemu ipi haipaswi kuguswa ni jambo jingine. Kucha ya bolti iliyopunguzwa kwa tupa hairudi. Kilimi cha kufunga bolti kikipunguzwa kidogo tu, bunduki inaweza kulia kabla haijajifunga sawasawa. Na zaidi ya ufundi kuna sheria: Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mtu anayetengeneza bunduki za wengine kwa biashara awe amesajiliwa. Fundi wa mtaani anayekubali kazi hiyo kwa nia njema anajiweka katika hatari ya jela, na anayempelekea anamwingiza humo. Usafi wa kawaida na kurudisha pete mahali pake ni kazi ya mwenye cheti. Kinachovuka hapo ni cha fundi aliyesajiliwa.

Wengine watasema suluhisho ni moja: silaha zote kuukuu zisalimishwe na kuchomwa, mambo yaishe. Hoja hiyo ina uzito katika nchi iliyoumizwa na bunduki. Novemba 2016 pale Ngong serikali ilichoma zaidi ya silaha 5,000, na sidhani kuna Mkenya mwenye akili timamu aliyezililia. Lakini hizo zilikuwa silaha haramu, zilizokusanywa au kusalimishwa. Bunduki yenye cheti inajulikana namba yake, mwenyewe na kabati lake. Anayetaka kuisalimisha, mlango wa polisi uko wazi, na kama chemba imeliwa na kutu au mtutu una uvimbe, hilo ndilo shauri pekee ninaloweza kumpa. Anayebaki nayo kwa mujibu wa sheria anapaswa kubaki nayo ikiwa nzima. Hakuna faida yoyote kwa usalama wa taifa bunduki halali ikiwa mbovu. Bunduki mbovu humwumiza kwanza aliyeishika na aliyesimama karibu naye.

Wasiwasi wa tatu ni kwamba kuzungumzia matengenezo hadharani ni kuwafundisha wahalifu. Ningeukubali kama mazungumzo yangehusu namna ya kuunda silaha au kuibadilisha ipige vingine. Kusafisha bomba, kupima chemba na kuweka pete inavyostahili ni maarifa yaliyoandikwa katika kijitabu kilichokuja na bunduki tangu siku ya kwanza. Kijitabu hicho kimepotea katika nyumba nyingi, na kimya kilichochukua nafasi yake ndicho kinachowapeleka watu kwa welda.

Ndipo narudi kwa serikali. Mwishoni mwa mwaka 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye silaha wahakikiwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha. Lilikuwa jambo jema. Lakini swali lililotawala zoezi hilo lilikuwa ni nani anayeshika, na anastahili au hastahili. Swali la kile anachoshika kiko katika hali gani halijapata nafasi inayolistahili. Gari la abiria hukaguliwa breki na taa mbali na leseni ya dereva, na hakuna anayeona ajabu. Bodi inaweza kutaka, kila cheti cha bunduki ya zamani kinapohuishwa, kiambatanishwe na taarifa fupi ya fundi aliyesajiliwa: urefu wa chemba, hali ya mtutu ndani, mbano wa springi, ufa wowote kwenye mbao, na aina ya risasi inayofaa. Taarifa ya ukurasa mmoja ingetosha.

Gharama itatajwa, na pia umbali. Mtu wa Shinyalu au Malava hapaswi kusafiri hadi Nairobi akiwa na bunduki kwenye matatu ili ipimwe. Safari yenyewe ingekuwa hatari kuliko kasoro inayotafutwa. Njia nyepesi ni fundi aliyesajiliwa kuletwa makao makuu ya polisi ya kaunti kwa siku zinazotangazwa mapema, mara moja au mbili kwa mwaka, na wenye vyeti wa Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia wakapangiwa zamu. Wao ndio walipe ada, si mlipa kodi. Bunduki zilizofeli zibaki hapo hapo kituoni mpaka zitengenezwe au zisalimishwe, na zilizofaulu zirudi na karatasi inayosema zipakiwe risasi za milimita ngapi.